Mkuki, Ushanga na Simu ya Askari

Usiku mmoja wa msimu wa mvua, katika ziara zetu za kikazi, tulifika kwenye lindo moja kando ya mto Nile, upande wa kaskazini-magharibi ya nchi. Jina la lindo hilo hatutalitaja, na msomaji aliyevaa sare anaijua sababu. Mvua ilikuwa imekatika punde hivi, nasi tukaketi chini ya paa la mabati pamoja na askari wa zamu iliyokuwa ikipumzika: wanajeshi watatu na konstebo mmoja wa polisi aliyeletwa kusaidia ukaguzi wa magari. Tuliwakuta katika mabishano makali. Tulidhani wanabishana juu ya mpira au juu ya posho, maana hayo ndiyo mabishano ya kawaida ya askari inapofika saa tano za usiku. Kumbe walikuwa wakibishana juu ya mkuki.

Upande mmoja alikuwapo sajini, Mwacholi wa Kitgum, mtu wa makamo. Upande wa pili alikuwa yule konstebo, Mwalur wa Nebbi, kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinaota. Mkuki wenyewe ulipotea zamani sana, kabla ya bunduki na kabla ya serikali hizi tuzijuazo, lakini wawili hao waliuzungumza kana kwamba umeibwa juzi katika ghala la kambi.

Kisa chenyewe, kwa wale ambao hawakukulia kaskazini, ni hiki. Labongo na Gipir walikuwa ndugu, nao waliishi pamoja karibu na mto, katika nchi ambayo leo ni ya Pakwach. Siku moja tembo waliingia shambani. Gipir alikurupuka, akanyakua mkuki uliokuwa karibu, akamchoma tembo mmoja. Lakini tembo hakuanguka, bali alitoweka porini na mkuki ukiwa umemganda mwilini. Mkuki huo ulikuwa wa Labongo. Gipir akatoa mkuki mwingine badala yake, Labongo akakataa. Alitaka mkuki wake uleule. Basi Gipir akafunga safari hadi nchi ya tembo, na huko bikizee mmoja akamhurumia, akamrudishia mkuki, akampa na ushanga mzuri wa kuchukua nyumbani. Siku zikapita. Gipir akiwa na ushanga wake mbele yake, mtoto mdogo wa Labongo akaokota punje moja, akaimeza. Sasa ikawa zamu ya Gipir kukataa fidia. Alitaka punje yake ileile. Mtoto akapasuliwa tumbo, na punje ikapatikana.

Baada ya hapo ndugu hao hawakuweza tena kuota moto mmoja. Waliteremka hadi mahali paitwapo Wang Lei, wakazika shoka katika mchanga wa mto kuwa alama ya kutengana kwao. Gipir alivuka kwenda magharibi, na Waalur husema wao ni uzao wake. Labongo alibaki mashariki, na koo nyingi za Waacholi humtaja kuwa babu yao.

"Mkuki hurudi, kijana wangu," alisema sajini. "Mtoto harudi."

"Ni kweli, Afande," alijibu konstebo. "Lakini aliyemfundisha Gipir ukali ule ni nani? Ninyi ndio mlioanza."

Tulisikiliza kwa furaha kubwa, na baada ya muda tukagundua kwamba wawili hao hawakuwa wakisimulia hadithi moja. Kwa konstebo, Gipir aliitwa Nyipir na Labongo aliitwa Nyabongo, na alikuwapo ndugu wa tatu, jina lake Thiful, ambaye sajini hakuwa amemsikia hata mara moja maishani mwake. Askari mwingine aliyekuwa akipasha mikono moto akasema kwamba jirani zetu Wajaluo wa Kenya nao wanao mkuki na ushanga, ila kwao ndugu ni Podho na Aruwa. Sajini akatoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, akaongea kwa Kiacholi kwa muda wa dakika moja hivi. Alikuwa akimpelekea mjomba wake ujumbe wa sauti amwulize juu ya huyo Thiful. Konstebo naye hakukubali kushindwa. Alimpelekea binamu yake ujumbe wa namna hiyo, akimwomba aende kwa babu yao, ambaye hana simu ya aina hiyo wala hataki kuwa nayo, amrekodi.

Hapo ndipo tulipolipata jambo ambalo tunataka kulizungumza leo na askari wenzetu na ndugu zetu wa polisi.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1995 ilizitaja jamii za asili 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Katika marekebisho hayohayo Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, ingawa kambini kilikuwa rasmi tangu enzi ya King's African Rifles, bila kungoja karatasi. Kiswahili kimetufaa mno. Kimemwezesha Mkaramojong kumwelewa Mnyankole gizani, na katika kazi yetu kuelewana gizani ni uhai. Lakini hapana budi tuseme pia upande wa pili wa jambo hili, maana hakuna wananchi wanaouona kwa karibu kuliko sisi. Mtoto wa askari huzaliwa Jinja, akaanza darasa la kwanza Mbarara, akafika darasa la nne Masindi. Anakijua Kiswahili cha kambi, anakijua Kiingereza cha shule, na Kiganda kidogo cha sokoni. Wakati wa likizo anapelekwa kwa bibi yake kijijini, bibi anamwambia neno, naye anacheka tu kwa sababu hakulielewa. Tumewaona watoto hao. Wengine wetu tunao nyumbani.

Katika nchi ya Waacholi palikuwa na kitu kiitwacho wang oo, yaani moto wa jioni katikati ya ua. Watu wa nyumba waliuzunguka baada ya kula, na hapo vijana walifundishwa ukoo wao, mipaka ya mashamba, methali, adabu na hadithi za Sungura mjanja. Moto huo ulikuwa shule, baraza na mahakama ndogo ya nyumbani. Okot p'Bitek, mwana wa Gulu aliyezaliwa mwaka 1931, alikulia katika moto wa namna hiyo, akiwa mtoto wa mama aliyesifika kwa kutunga nyimbo. Kwa sababu hiyo tuna kitabu chake cha nyimbo za Kiacholi cha mwaka 1974, Horn of My Love, na kitabu cha hadithi cha mwaka 1978, Hare and Hornbill. Mtu mmoja mwenye kalamu alifanya kazi hiyo kubwa. Alifariki mwaka 1982, na miaka michache baadaye vita vikaingia.

Wasomaji wetu wengi walipigana katika vita vya kaskazini dhidi ya Lord's Resistance Army, na hatuna haja ya kuwasimulia. Tutasema neno moja tu linalohusu maudhui yetu. Kuanzia mwaka 1996 wananchi walihamishiwa makambini, na kufikia mwaka 2005 idadi ya waliohamishwa katika kaskazini nzima ilikuwa kama milioni 1.8. Katika kambi zile nyumba za nyasi zilibanana ukuta kwa ukuta, giza likiingia watu wanatakiwa wawe ndani, na moto wa nje usiku ulikuwa hatari kwa paa za nyasi na hatari kwa adui aliyeuona kwa mbali. Wang oo ukazimika. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano alipoingia kambini alitoka akiwa kijana mwenye ndevu, hajaketi kwenye moto wa babu yake usiku hata mmoja. Watu waliporudi vijijini baada ya utulivu wa mwaka 2006 walirudi na mabati, majembe na mbegu. Wale wazee waliokuwa na maneno, wengi walikuwa wamezikwa kambini.

Hata hivyo, wakati huohuo sauti ilionyesha nguvu yake. Mega FM ya Gulu ilianza kutangaza mwaka 2002, na katika kipindi chake cha Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani, waliorudi kutoka msituni walizungumza na wenzao waliobaki huko. Wapo waliotupa bunduki kwa sababu walimsikia mwenzao akiongea, tena kwa Kiacholi cha nyumbani. Askari aliyekuwa kaskazini wakati ule hawezi kudharau sauti inayopita hewani.

Kurekodi sauti za wazee si jambo jipya katika nchi hii. Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu mwaka 1948 hadi 1957, alizunguka wilaya kwa wilaya akiwa na mashine yake. Kati ya mwaka 1949 na 1954 alinasa nyimbo na ala zaidi ya 1,000. Hugh Tracey naye alipita kwetu mwaka 1950 na 1952. Kazi zao ni hazina. Lakini sahani na kanda za Wachsmann zilihifadhiwa London, na kwa miaka mingi mjukuu wa mpiga kinubi aliyetaka kumsikia babu yake alihitaji tiketi ya ndege. Sasa nakala ziko Makerere, katika hifadhi inayoitwa kwa jina la Wachsmann mwenyewe. Tunashukuru. Ila Makerere nako ni mbali kwa mtu wa Kaabong mwenye mbuzi wanne.

Sasa mashine iko mfukoni mwa koplo. Ni ndogo kuliko sanduku la risasi, inanasa sauti na sura, na inapeleka kote inakotakiwa kabla chai haijapoa. WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililofungua mlango kwa wazee wetu kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu mzee asiyejua kusoma wala kuandika anaweza kusema na kusikia. Lugha zetu nyingi hubeba maana katika kupanda na kushuka kwa sauti, nazo herufi za shule hazionyeshi mapando hayo. Sauti huyachukua yote, pamoja na kikohozi cha msimulizi.

Tena kuna jambo la mwitikio. Hadithi za kwetu hazisimuliwi kwa watu walionyamaza. Muganda akitaka kutega kitendawili husema "Koyi koyi!" na asipojibiwa "Lya!" hawezi kuendelea. Kitabu hakijibu, na kanda ya London haikujibu. Kundi la simu hujibu. Wanajeshi wetu walioko Somalia, ambako Uganda imekuwa na vikosi tangu Machi 2007, wametuambia kwamba jioni hutegeana vitendawili na watu wa nyumbani kwa ujumbe wa sauti, na jibu likichelewa usingizi hauji. Koplo mmoja wa Busoga alituambia kwamba katika miezi yake ya huko alijifunza kutoka kwa mama yake hadithi nyingi kuliko alizojifunza akiwa mtoto nyumbani, kwa sababu akiwa nyumbani alikuwa akikimbilia mpira.

Hizo ndizo sifa. Sasa tuseme madhara, na tuanze na letu wenyewe.

Sisi tulizaliwa Toro. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika masimulizi ya Koogere katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Koogere anakumbukwa na Wasongora, Wanyabindi na Watoro kuwa mwanamke aliyetawala Busongora katika zama za kale, inakadiriwa miaka 1,500 iliyopita, mwenye hekima, ukarimu na neema isiyokwisha. Tulisoma habari hiyo gazetini tukaona haya, kwa sababu bibi yetu alikuwa akitusimulia Koogere tangu tukiwa tunatambaa, nasi hatukuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kuandikwa mahali. Likizo iliyofuata, mwaka 2016, tulikwenda kwake na simu. Tulimrekodi jioni nne. Alikuwa na hadithi tano za Koogere na vitendawili visivyohesabika, na kila tulipotaka kuzima alisema, "Ngoja, bado."

Tulimtumia dada yetu kipande kimoja cha dakika mbili, kile cha kuchekesha. Vingine tulisema tutavipanga vizuri kwanza, kisha tuvipeleke. Wiki tatu baadaye, katika kuvuka mto kazini, simu ilikwenda na maji. Bibi alifariki miezi saba baada ya hapo. Kipande cha dakika mbili bado kipo, kimezunguka katika ukoo mzima na hata watu tusiowajua wamekipata. Ni kicheko na mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake haupo. Katika hadithi tano, sisi wenyewe twakumbuka mifupa ya mbili. Nyama imekwenda.

Kwa hiyo tukisema kwamba mtandao ni mjumbe na si ghala, hatusemi maneno ya kitabuni. Watu wengi hudhani kwamba kilichopelekwa kwenye WhatsApp kimehifadhiwa na kampuni mahali fulani salama. Sivyo. Ujumbe ukishafika hukaa katika simu za waliotumiana. Simu zikipotea, na nakala ya akiba haikuwekwa, hakuna wa kumdai. Mitandao yenyewe nayo huhama na kufa. Google+ ilifungwa mwaka 2019 pamoja na vyote vilivyokuwamo. Mwaka huohuo MySpace ilitangaza kwamba imepoteza nyimbo ambazo watu walikuwa wameziweka kwa zaidi ya miaka kumi. Hapa kwetu Facebook ilifungwa Januari 2021, na yule aliyekuwa ameweka hadithi za kijiji chake huko peke yake aliamka asubuhi akakuta wanakijiji hawazifikii tena kwa njia ya kawaida. Askari anayeelewa maana ya akiba ya risasi hana sababu ya kutoielewa akiba ya sauti: nakala moja kwenye kadi ndogo, nyingine kwa ndugu mwenye kompyuta, nyingine katika maktaba ya wilaya au chuo kinachokubali kupokea. Gharama yake haifiki bei ya kreti ya soda.

Kuna madhara ya aina nyingine yasiyosababishwa na maji. Mitandao ya video hupenda kitu kifupi, nayo hadithi haikuumbwa iwe fupi. Tumeona mzee wa watu akikatwa katikati ya sentensi kwa sababu kijana aliyemrekodi alitaka dakika moja tu, kisha juu ya sauti ya mzee kikawekwa kinanda cha Ulaya. Watazamaji walikuwa wengi mno. Hakuna hata mmoja aliyejua mwishowe Fisi alifanyaje. Sisi tunapendelea video ndefu yenye watazamaji kumi wa ukoo, ingawa tunajua vijana watatucheka.

Kuna pia swali la ruhusa. Rafiki yetu mmoja, afisa mwenzetu, aliweka mtandaoni wimbo alioimbiwa na mzee katika msiba. Ulikuwa wimbo wa ukoo, wa kuimbwa mbele ya jeneza la watu wa ukoo huo tu. Mzee alipoambiwa kwamba wimbo umefika Dubai alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wanaoimba huko wamefiwa. Rafiki yetu aliufuta, lakini mambo ya mtandao hufutwa kwa jina tu. Ingalikuwa bora kuuliza kabla: hii ni ya watu wote, au ni ya nyumba? Wazee hawaoni tabu kulijibu swali hilo. Wanaoona tabu ni sisi kuliuliza.

Na jambo hili tuliseme waziwazi, kwa kuwa tunasema na watu wanaolala katika mahanga mamoja wakiwa wa makabila mbalimbali. Ziko hadithi zinazomcheka jirani. Kila kabila linazo: kwa nini jirani zetu ni walafi, kwa nini ni waoga, jinsi babu yetu alivyomlaghai babu yao ng'ombe. Zilipokuwa zikisemwa kwenye moto wa ua mmoja, zilimalizika na majivu. Zikirushwa katika kundi la watu 1,000 siku ya uchaguzi au siku ya wizi wa mifugo, zinaweza kuwasha moto mwingine. Wapo wanaoshauri hadithi hizo ziachwe zife. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Hadithi mbaya nayo ni ushahidi wa jinsi tulivyoishi, na mtafiti wa kesho ataihitaji. Irekodiwe, iwekwe ghalani pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Lakini askari asiwe mjumbe wake. Mwenye bunduki ya taifa hana haki ya kusambaza tusi dhidi ya sehemu ya taifa, hata likiwa limevikwa ngozi ya Sungura.

Juu ya usalama tutakuwa wafupi kwa kuwa amri zipo na kila askari amezisoma. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Tuliwahi kuonyeshwa video nzuri sana ya koplo akisimulia hadithi ya Chui, amevaa sare, na nyuma yake magari yamepangwa. Tuliyahesabu: yalikuwa saba, na aina yake ilitambulika bila shida. Hadithi za Chui zisimuliwe nyumbani wakati wa likizo, ukiwa na shati la kiraia, mgongo ukielekea mgomba. Kutoka lindoni itoke sauti peke yake, kwa ruhusa ya mkuu wako, bila kutaja ulipo.

Tumeulizwa na baadhi ya wenzetu kama kazi hii si ya walimu na wizara husika. Ni kazi yao, na wengine wanaifanya. Uganda iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika mwaka 2009, na tangu hapo yameorodheshwa mambo yetu kadhaa: bigwala, zile tarumbeta za vibuyu za Busoga, mwaka 2012, empaako mwaka 2013, kisha Koogere, na mwaka 2016 kinubi cha Wamadi. Lakini orodha haimsimulii mtoto hadithi. Tazama empaako. Huku magharibi mtu hupewa, pamoja na majina yake, jina moja katika majina 12 ya heshima na mapenzi, kama Amooti, Akiiki, Adyeri au Abwoli, na salamu isiyo na empaako kwetu ni salamu iliyonuna. Kambini tumesikia sajini wa Teso akimwita dereva wake "Amooti" kila asubuhi, na dereva akinyooka kwa furaha kuliko alivyonyooka gwaridani. Hakuna warsha iliyomfundisha sajini huyo. Aliishi na watu, akasikiliza. Askari huhamishwa mara nyingi, na tumezoea kulilalamikia jambo hilo, lakini hakuna mtumishi mwingine wa serikali anayesikia lugha nyingi za nchi hii kwa masikio yake kama yeye.

Anayetaka kuanza na aanze na mzee mmoja aliye hai. Amwombe aseme kwanza jina lake, ukoo wake, kijiji chake na nani aliyemsimulia yeye; hayo manne yakikosekana, sauti inabaki yatima. Amwache azungumze lugha yake mwenyewe, kwa Kiswahili atafsiriwe baadaye. Watoto wawepo, wacheke na kuitikia. Simu iwekwe juu ya kigoda, mbali na upepo, iwe imechajiwa.

Na pasiwe na haraka ya kuchagua ipi ni hadithi ya kweli. Hapo tunarudi kwenye lindo la kando ya mto.

Jibu la mjomba wa sajini lilifika siku ya pili. Lilikuwa la dakika sita. Huyo Thiful hamjui, alisema, na akaongeza kwamba watu wa ng'ambo ya mto hupenda kuongeza ndugu. Sajini aliwachezea wote ujumbe huo, kwa sauti ya juu kabisa.

Jibu la babu wa konstebo lilichelewa siku nne. Binamu alieleza kwamba alifika kwa mzee saa tisa za mchana, mzee akamfukuza, kwa kuwa hadithi haisimuliwi jua likiwa angani. Akarudi jioni, mvua ikanyesha. Akarudi tena. Konstebo alitutumia nasi ujumbe huo, ambao ni wa dakika kumi na nne, na kwa kuwa Kialur hatukijui alitufasiria mwenyewe. Kuni zinasikika zikipasuka. Watoto wanasikika wakimwuliza mzee kama mtoto aliyepasuliwa alilia, na mzee akijibu kwamba hilo hakuambiwa. Thiful yumo, tena anayo sehemu yake ndefu. Kuhusu nani alianza ugomvi, mzee anasema mkuki, kisha anasita, anakohoa, anasema ushanga ulikuwa mbaya zaidi, kisha anasema mkuki.

Mwishoni anauliza huyo sajini ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kama yuko karibu na mto. Iwapo yuko karibu, amesema, ateremke Wang Lei siku maji yakipungua, atazame kama shoka bado lipo.

Tulipozungumza na sajini mara ya mwisho alikuwa bado hajalijibu swali hilo. Alisema amelipeleka kwa mjomba, na mjomba amewaita wazee wengine wawili.